Akili ni nywele? Basi wafundisheni kuchana!

Sentensi ninayoisikia mara nyingi kuliko zote hapa Nakuru ni hii: "Mimi sina kichwa cha kompyuta." Naisikia kwa vijana wanaokuja kujifunza kuandika programu. Naisikia kwa wazazi wao. Naisikia hata kwa walimu, watu ambao walipaswa kuwa wa mwisho kuitamka. Kijana anakaa mbele ya kompyuta wiki mbili, lupu inamzungusha, vigeu vinamponyoka, halafu anafunga daftari na kujihukumu mwenyewe: sina kichwa. Na wote waliomzunguka wanaitikia amina! Hakuna anayemwuliza swali dogo tu: ulikuwa unasoma vipi?

Basi leo nimekuja kugombana, na nitagombana na kambi mbili kwa mpigo. Kambi ya kwanza inasema akili mtu huzaliwa nazo. Unazo au huna. Kambi ya pili inasema akili si kitu, bidii ndiyo kila kitu. Kambi hizi zimezozana miaka na miaka, kwenye mikutano ya wazazi, kwenye matatu, kwenye harambee za karo. Dai langu ni kwamba zote mbili zinamwacha mtoto pale pale alipokuwa, kwa sababu hakuna hata moja inayomwambia afanye nini kesho asubuhi akifungua kitabu. Kati yao kuna kitu cha tatu: kujua namna ya kusoma. Hicho kinafundishika, hakina gharama kubwa, na hatukifundishi.

Kambi ya "amezaliwa nazo"

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sisi tukasahau hayo maneno ya mwisho, tukaanza kupima nani ana nyingi na nani ana kipara. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985 na ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika miaka yake ya mwisho mtoto alitahiniwa siku tatu, kisha akapewa namba isiyozidi 500. "Wa mia nne" alikuwa kichwa, wa mia mbili alikuwa mzito, na neno hilo likamfuata nyumbani, kanisani, hadi kwenye harusi ya dada yake. KCPE imekwenda, mtaala wa umilisi umekuja, lakini lugha haijabadilika. Bado tunasema "huyu ni wa kusoma" na "huyu apelekwe akajifunze ufundi". Kana kwamba fundi wa injini hasomi!

Lakini nisiwaonee walimu peke yao. Sisi watu wa kompyuta ndio mabingwa wa imani hii. Mwaka 2006 Saeed Dehnadi na Richard Bornat wa Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza, walisambaza andiko ambalo jina lake kwa Kiswahili ni Ngamia Ana Nundu Mbili. Walidai kwamba wanaoanza kujifunza programu wamegawanyika makundi mawili, wanaoweza na wasioweza, na kwamba mtihani mfupi kabla ya somo la kwanza unaweza kuwatenganisha. Maswali yake yalikuwa ya namna hii:

a = 10
b = 20
a = b

Sasa a ni ngapi, na b ni ngapi?

Litazame swali hilo kwa macho ya kijana aliyetoka darasa la hisabati kule Molo au Bahati. Kwa miaka yote ya shule alama ya = imemwambia kwamba pande hizi mbili ni sawa. Sasa anaambiwa 10 ni sawa na 20? Anachanganyikiwa, na ana haki ya kuchanganyikiwa. Katika programu alama hiyo ni amri: chukua kilicho kulia, kiweke kushoto. Kwa hiyo a inakuwa 20, na b inabaki 20. Kumweleza hayo kunachukua dakika moja.

Kwa haki yao, watafiti hawakuwa wakitafuta jibu sahihi hasa. Walitazama kama mtu anatumia kanuni ile ile kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Lakini andiko lilipozagaa mtandaoni, wengi katika kazi yetu walisikia jambo moja tu: kumbe mimi nilizaliwa hivi! Ni habari tamu, nani asiyeitaka? Mwaka 2014 Bornat mwenyewe aliandika hadharani kulikana dai lile. Je, wangapi kati yetu walioishangilia habari ya kwanza waliisoma ya pili?

Tena mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Elizabeth Patitsas walichukua matokeo ya mwisho ya kozi 778 za sayansi ya kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, wakatafuta hizo nundu mbili. Waliziona katika chini ya kozi 6 kwa kila 100. Halafu wakawaonyesha wahadhiri 53 michoro ya alama isiyo na nundu za wazi. Waliokuwa wakiamini kwamba programu ni kipaji cha kuzaliwa ndio waliokuwa wepesi zaidi kuziona nundu mbili pasipokuwepo. Umeelewa? Imani ilitangulia, macho yakafuata. Nasi watu wa Kenya tungejua tangu mwanzo: ngamia wetu wa Turkana na Marsabit ana nundu moja!

"Mbona wakimbiaji?"

Najua utakaponipeleka. Utaniambia: mbona watu wa Bonde la Ufa wanakimbia? Si damu hiyo?

Haya, twende huko. Panda matatu hapa Nakuru uelekee kaskazini magharibi, pita Mau Summit, Timboroa na Burnt Forest, ufike Eldoret, kisha upande hadi Iten. Mwaka 1976 Mwailandi mmoja, Bruda Colm O'Connell, alifika shule ya St Patrick's, Iten, kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Katika shule ile walipita Ibrahim Hussein, aliyeshinda Boston Marathon mwaka 1988, na Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka huo huo. Baadaye Bruda Colm alimfunza David Rudisha, ambaye mwaka 2012 kule London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia.

Sikatai kwamba mwili una mchango wake. Mwinuko una mchango, chakula kina mchango, na kumwona jirani yako akirudi na medali kuna mchango mkubwa. Lakini wako maelfu kwa maelfu wenye damu ile ile na mwinuko ule ule ambao hawawezi kulikimbilia matatu linaloondoka. Tena tazama kinachofanyika kambini. Hakuna kocha anayemwambia kijana, "Kimbia kwa bidii zaidi," kisha akaenda kunywa chai. Anamwambia: leo polepole, kesho mlima, keshokutwa mwendo wa kasi na wa pole kwa zamu, siku ya nne pumzika. Tutapima muda, tutaandika. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwaka 2019, amejaza madaftari kwa miaka mingi akiandika mazoezi yake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kijana yule yule, katika kaunti ile ile, akienda uwanjani anapewa mpango. Akirudi darasani anapewa nini? Anapewa maneno mawili kwenye ripoti ya mwisho wa muhula: "Ongeza bidii."

Kambi ya "ongeza bidii"

Kambi hii inapendwa kwa sababu inasikika kama ya watu wema. Haimwiti mtoto mjinga. Inamwambia unaweza, jitume tu. Lakini hebu tuitazame bidii yenyewe jinsi ilivyo katika shule zetu za bweni. Kengele kabla ya mapambazuko. Masomo ya asubuhi, ya mchana, ya jioni, halafu ya usiku. Wako walioweka miguu ndani ya beseni la maji baridi wasije wakasinzia! Na wakiwa macho hivyo, wanafanya nini? Wanasoma noti zile zile kwa mara ya tano, na kupiga mistari kwa kalamu ya rangi hadi ukurasa mzima umegeuka manjano.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walichapisha tathmini ya mbinu kumi za kusoma, wakipitia utafiti uliokwisha kufanywa juu ya kila moja. Kusoma upya na kupiga mistari ziliwekwa kwenye daraja la chini la manufaa. Zilizopata daraja la juu zilikuwa mbili tu: kujitahini, na kugawanya masomo katika siku nyingi badala ya kuyarundika siku moja.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha habari. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja tu, kisha mara tatu likaandika kila linalokumbuka bila kukitazama tena. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, na waliojitahini walikumbuka asilimia 61. Tena waliosoma mara nne ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka!

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena. Maana yake ni kwamba mtoto anayesoma vibaya hawezi kujua kwamba anasoma vibaya. Noti anazitambua, zinampendeza, anahisi zimeingia. Mtihani unakuja, hakuna kitu. Yeye ameamka alfajiri, amejinyima usingizi, amefanya yote aliyoambiwa. Sasa ameshindwa. Atafikia uamuzi gani? Atasema: bidii nilitia, kwa hiyo kilichopungua ni akili. Mnaona? Kambi ya bidii inaishia kumkabidhi mtoto kwa kambi ya kwanza, tena akiwa amechoka.

Na wale wanaosema dawa ni kumwambia tu mtoto aamini kwamba akili hukua, nao nina neno nao. Kitabu cha Carol Dweck cha mwaka 2006 kilifanya wazo hilo lijulikane sana. Mwaka 2019 matokeo ya jaribio kubwa la Marekani yalichapishwa, wanafunzi zaidi ya 12,000, somo la chini ya saa moja kwenye kompyuta juu ya wazo hilo. Wale waliokuwa na alama za chini walipanda kwa wastani wa pointi 0.10, katika mfumo ambao alama ya juu ni 4. Kwa saa moja si haba. Lakini imani peke yake hailimi shamba. Ukishaamini, bado unahitaji jembe.

Keriko

Turudi karibu na nyumbani. Ukitoka Nakuru kwenda Njoro, katika kijiji kiitwacho Pwani, kuna shule ya kutwa ya Keriko. Mwaka 2019 mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Bruda Peter Tabichi, alipewa kule Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Sote tulishangilia. Tulipiga picha, tukamwita shujaa, tukasahau kusoma somo lenyewe.

Wakati huo shule ilikuwa na kompyuta moja, intaneti dhaifu, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Karibu wote walitoka katika familia maskini. Kulikuwa na kilomita 7 za kutembea, kwenye barabara zisizopitika mvua ikinyesha. Kwa lugha ya kambi ya kwanza, hao walikuwa mabaki ya mabaki: vichwa vilikwisha kuchaguliwa vikapelekwa shule kubwa. Sasa tazama: mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na vyuo. Mwaka 2018 waliingia vyuo na vyuo vikuu 26. Timu ya hisabati ikafuzu kwenda mashindano ya kimataifa ya sayansi kule Arizona, Marekani, mwaka 2019.

Je, kati ya 2017 na 2018 watoto wa Njoro waliota akili mpya? Au ghafla walianza kuamka mapema zaidi? Tabichi na wenzake walianzisha klabu ambamo watoto walitengeneza vitu kwa mikono yao, wakaviwasilisha na kuulizwa maswali. Walio nyuma katika hisabati na sayansi walifundishwa mmoja mmoja, nje ya darasa na mwisho wa wiki. Wazazi walitembelewa majumbani. Na hili litawafurahisha wasomaji wa ukurasa huu: mwalimu alikwenda saiba, akapakua masomo, akayaleta darasani kuyatumia bila mtandao. Kazi ile ilikuwa na mpango kama ule wa kambi ya Iten, na ilifanyika ndani ya darasa.

Jembe lenyewe

Nisije nikaonekana nami napiga domo. Hivi ndivyo ninavyowaanzisha vijana wanaojifunza programu kwangu, na hakuna kati ya haya kinachohitaji kompyuta mpya.

1. Funga kitabu. Ukishasoma mfano, ufunike, uandike programu ile kutoka kichwani. Ukikwama, vumilia kidogo kabla ya kufunua. Kule kukwama ndiko kusoma kwenyewe.

2. Tabiri kabla ya kubonyeza. Andika kwenye karatasi programu itatoa nini, kisha iendeshe. Ikitoa kingine, umegundua usichokijua, na hilo ni bora kuliko kupatia kwa bahati.

3. Weka daftari la makosa. Tarehe, hitilafu, chanzo, dawa. Baada ya mwezi utaona kwamba makosa yako si mia. Ni matano au sita yanayojirudia kwa nguo tofauti.

4. Rudia kwa nafasi. Kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliyapima mambo haya kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, akachapisha mwaka 1885. Wahenga wetu hawakusubiri: papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kata karatasi ya manila iwe kadi, swali mbele, jibu nyuma. Mwenye simu ya Android atumie Anki, ni ya bure.

5. Mweleze mtu. Kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kikalenjin, kwa lugha uliyonyonya. Kama huwezi kumweleza mama yako lupu ni nini bila neno la Kiingereza, basi umekariri neno, kitu chenyewe bado.

6. Lala. Sitanii.

Pingamizi

"Lakini wapo wanaoshika haraka!" Wapo. Sijasema watu wote ni sawa. Nasema unachokiita wepesi mara nyingi ni kuanza mapema. Kijana wa mtaa wa Milimani aliyekua na kompyuta sebuleni na kijana wa Solai aliyeigusa mara ya kwanza chuoni hawaanzi pamoja siku ya kwanza ya kozi. Ukiwapima wiki ya pili, umepima sebule.

"Namna ya kusoma haileti karo." Kweli kabisa. Haileti chakula cha mchana wala taa ya usiku, na anayewaambia maskini kwamba mbinu zitawatosha ni mwongo. Lakini kwa sababu saa za mtoto huyo ni chache, maji ya kuteka yakimngoja na ng'ombe wakimngoja, ndiyo maana ni dhuluma kuzipoteza saa hizo kwa kusoma upya noti za manjano.

"Siku hizi akili unde inajibu kila kitu." Ndiyo, na hapa ndipo hatari imeongezeka. Ukiomba jibu kabla hujajaribu, umefanya kama kundi lile la kusoma mara nne: unaona jibu, unalitambua, unahisi unalijua. Iombe ikutahini badala ya kukujibu, na mashine ile ile inageuka mwalimu. Tofauti hiyo ataijua nani, kama hakuna aliyemfundisha namna ya kusoma?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwalimu, mara nyingine unapoandika ripoti, futa "ongeza bidii". Andika: "Kila jioni afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha alinganishe." Ni sentensi moja tu. Mzazi, usimwulize mtoto amesoma saa ngapi. Mwambie akueleze alichosoma. Nanyi wenzangu mnaoajiri vijana mjini hapa, acheni mafumbo yenu ya kutafuta "vichwa". Mpe kijana kitu asichokijua, mpe siku mbili, uone anavyojifunza. Kazi yetu ni kujifunza vitu vipya hadi tustaafu, sasa mnapima nini kingine?

Akili ni nywele, sawa, kila mtu ana zake. Lakini sijawahi kuona mtoto aliyezaliwa na kitana mkononi.